Kupima Saratani kwa Vifaa Vidogo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, wauza huduma za vipimo huwafuata watu walipo. Siku ya gulio hema husimamishwa karibu na mnada wa ng'ombe. Katika vituo vya machimbo hukodishwa chumba kimoja jirani na maduka ya vipuri vya karasha. Humo mteja huchomwa kidole, au hupewa kikopo cha mkojo, au hushikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, kisha huambiwa kwamba amepimwa "saratani zote". Baadhi ya vipimo vinavyotolewa kwa namna hiyo ni vya kweli na vina manufaa makubwa. Vingine havipimi chochote. Mteja hawezi kuvitofautisha kwa macho, kwa kuwa vyote hufanywa kwa vifaa vidogo, vyote hutoa jibu haraka, na vyote hulipiwa.

Tumeandaa sura hii ili kumsaidia mtumiaji wa huduma za afya kufanya uamuzi huo kwa maarifa. Anayelipia kipimo cha uongo hupoteza fedha, lakini hasara kubwa zaidi ni muda. Mtu aliyeambiwa kwamba yu mzima huacha kwenda hospitali, na saratani haimsubiri.

Kifaa kidogo hufanyaje kazi?

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kukutana na maabara ndogo bila kuijua kwa jina hilo. Kipimo cha haraka cha malaria ni mfano mmojawapo. Tone la damu huwekwa kwenye tundu, kimiminika huongezwa, na karatasi iliyo ndani huuvuta mchanganyiko huo kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Njiani damu hukutana na kemikali zilizoandaliwa ili zinase kitu kimoja tu, yaani protini ya kimelea cha malaria. Kimelea kikiwapo, mstari huonekana. Kifaa hicho hakiwezi kueleza lolote kuhusu sukari, figo wala saratani, kwa sababu hakikutengenezwa kwa maswali hayo.

Mashine ya GeneXpert, ambayo wagonjwa wa kifua kikuu wanaifahamu, imepiga hatua zaidi. Sampuli huingizwa katika katriji ya plastiki yenye vyumba vidogo. Mashine huisukuma kutoka chumba hadi chumba, huisafisha, huvitoa vinasaba vilivyomo na kuvizidisha mpaka vionekane. Kazi iliyohitaji vyumba kadhaa vya maabara hufanyika ndani ya katriji inayoshikika kwa vidole. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake kwa kifua kikuu mwaka 2010. Ikibadilishwa katriji, mashine ileile huweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Watafiti wamejaribu pia kuzinasa seli za saratani zenyewe zikiwa katika damu. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walitangaza kipande kidogo chenye nguzo 78,000 ndogo sana zilizopakwa kemikali ya kunasia. Damu ilipopitishwa katikati ya nguzo hizo, seli chache za saratani zilizokuwamo ziling'ang'ania, na seli za kawaida zikapita. Kazi ya namna hiyo imewasaidia wanasayansi kuielewa saratani. Hata hivyo, kunasa seli katika damu ya mtu aliyekwisha kuugua ni jambo moja. Kugundua saratani changa kwa mtu asiye na dalili ni jambo jingine, na ni gumu zaidi, kwa kuwa saratani changa humwaga alama chache mno.

Kipimo kinajibu swali gani?

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike kuliko yote. Vipimo vya damu, mkojo na majimaji mengine ya mwili vinavyotajwa pamoja na saratani hujibu maswali ya aina nne:

1. Je, mwili umepokea sumu inayoweza kuleta saratani?
2. Je, kuna maambukizi yanayoweza kuzaa saratani?
3. Je, kuna dalili inayohitaji kuchunguzwa?
4. Je, saratani yenyewe ipo?

Vifaa vidogo vinavyoaminika hujibu zaidi maswali matatu ya kwanza. Swali la nne, kwa saratani nyingi, bado hujibiwa kwa kuchukua kinyama kutoka mahali penye ugonjwa na kukichunguza kwa hadubini. Muuzaji anayeuza jibu la swali la pili au la tatu kana kwamba ni jibu la nne anakupotosha, hata kama kifaa chake ni halali.

Mlango wa kizazi: mfano bora tulio nao

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania miongoni mwa saratani zote. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, zaidi ya wanawake 10,000 waliugua nchini, na zaidi ya 6,000 walifariki. Karibu visa vyote huanzia kwenye maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV. Hapa ndipo kipimo kidogo kina nafasi ya kuokoa maisha, kwa sababu huuliza swali la pili miaka mingi kabla ya la nne kuzuka.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kuwa njia ya kwanza ya uchunguzi. Mwanamke huanza akiwa na umri wa miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU huanza akiwa na miaka 25 na kurudia kila baada ya miaka 3 hadi 5, kwa kuwa hatari yake ni kubwa takribani mara sita. Sampuli inaweza kuchukuliwa na mwanamke mwenyewe, faraghani, kwa kijiti laini chenye pamba au brashi. Katriji ya HPV katika GeneXpert hutoa jibu kwa muda wa saa moja hivi. Mahali ambapo kipimo hicho hakijafika, uchunguzi wa kupaka siki maalumu na kutazama kwa macho unaendelea kutumika, nao una thamani yake.

Jibu la kuwa na HPV si hukumu ya saratani. Maambukizi mengi hutoweka yenyewe kwa kinga ya mwili. Yanapodumu, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyepata matibabu, muda huo huweza kupungua hadi miaka 5 hadi 10. Anayekutwa na virusi huchunguzwa, na mabadiliko yakionekana, sehemu iliyoathirika huunguzwa kwa joto au kuondolewa kabla haijawa saratani. Kwa hiyo muulize mtoa huduma kabla ya kupima: "Nikikutwa navyo, nitatibiwa wapi, na lini?" Kipimo kisicho na njia ya matibabu mbele yake humwachia mtu hofu tupu.

Kanda ya Ziwa ina mchango wake katika habari hii. Jijini Mwanza, kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV. Matokeo yake yalikuwa miongoni mwa ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo nchi nzima mwaka 2018. Mzazi mwenye binti wa umri huo asingoje kipimo. Ampeleke kwenye chanjo.

Mkojo wenye damu si jambo la kawaida

Katika Shinyanga na maeneo jirani, watu wanaotumia malambo, mito na majaruba ya mpunga wanakifahamu kichocho. Pamoja na kufahamika huko, kuna mazoea ya hatari: kukojoa damu huonekana kama hatua ya ukuaji wa wavulana, au uchovu wa kazi. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu na kuujeruhi kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikiweka kimelea hicho katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani, hasa ya kibofu.

Kipimo kidogo kinachofaa hapa ni cha bei nafuu: kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, ambacho hubadilika rangi damu ikiwapo, hata ile isiyoonekana kwa macho. Ili jibu liwe la kuaminika, zingatia haya:

– Vijiti vitoke kwenye kichupa chenye kifuniko kilichofungwa vizuri na ambacho tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijapita. Unyevu na joto huviharibu.
– Rangi isomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, si baada ya mazungumzo marefu.
– Mwanamke aliye katika hedhi amweleze mpimaji, kwa kuwa damu hiyo huingia katika jibu.
– Mkojo unaopelekwa kutafutwa mayai ya kichocho utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi zaidi.

Kijiti hicho hujibu swali la tatu tu. Damu inaweza kuletwa na kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo au saratani. Kichocho hutibiwa kwa dawa ya praziquantel, lakini dawa hiyo huua minyoo. Haiondoi saratani iliyokwisha kuota. Mtu mzima ambaye damu inaendelea kuonekana baada ya tiba anahitaji uchunguzi wa kibofu kwa kamera na, ikibidi, kuchukuliwa kinyama. Asinunue dozi ya pili na ya tatu kwa kubahatisha.

Sumu za machimboni

Wachimbaji wadogo wa Geita hushika zebaki wanaponasa dhahabu na huvuta mvuke wake wanapoichoma. Miamba ya ukanda huo ina pia aseniki, ambayo huweza kuingia katika maji. Watafiti wa Mwanza na wenzao wa nje waliwapima wajawazito zaidi ya 1,000 wa Kaskazini mwa Tanzania, wakiwamo wa maeneo ya uchimbaji mdogo: zebaki katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, na aseniki katika mkojo. Waligundua kwamba wanawake wa maeneo ya machimbo walikuwa wamepokea sumu hizo kwa kiwango cha juu kuliko wengine.

Huo ni mfano mzuri wa sampuli ndogo kutoa habari kubwa. Lakini ni jibu la swali la kwanza. Aseniki katika maji ya kunywa imethibitika kusababisha saratani ya ngozi, mapafu na kibofu, baada ya miaka mingi. Zebaki hudhuru zaidi mishipa ya fahamu, figo na mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo anayekuambia kwamba "umekutwa na zebaki, basi una saratani" amechanganya mambo mawili. Jibu la kipimo cha sumu ni kuiepuka sumu: kubadili chanzo cha maji, kutochomea dhahabu nyumbani, kutumia kifaa cha kuzuia mvuke. Vilevile vumbi la mawe kwenye karasha huharibu mapafu na huweza kuleta saratani yake. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili apime makohozi kwanza, na kama si kifua kikuu, asiishie hapo.

Vipimo vya damu: faida na mipaka

Kipimo cha PSA hutumika kuchunguza tezi dume. Protini hiyo hupanda saratani ikiwapo, lakini hupanda pia tezi inapovimba kwa uzee au inaposhambuliwa na maambukizi. Kiwango cha juu ni sababu ya kumwona daktari, si uthibitisho wa saratani. Kipimo cha haraka cha homa ya ini aina B hutafuta virusi ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya ini barani Afrika. Anayekutwa navyo anahitaji kufuatiliwa kitabibu, na asiye navyo anaweza kuchanjwa.

Kwa watoto wa ukanda huu wa malaria, uvimbe wa taya au tumbo unaokua haraka huweza kuwa limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Watafiti wa Muhimbili, Uganda na Oxford wamekuwa wakichunguza namna ya kuitambua kwa kusoma vipande vya vinasaba vya uvimbe na virusi vinavyoelea katika damu, ili mtoto asisubiri majibu ya kinyama kwa muda mrefu. Usomaji huo hufanywa na mashine za maabara chini ya wataalamu. Hauuzwi gulioni.

Kuhusu kipimo kimoja cha damu cha kugundua saratani nyingi, huko Uingereza jaribio la watu wapatao 140,000 lilianza mwaka 2021 ili kujua kama kipimo cha namna hiyo kinasaidia kweli. Ikiwa nchi yenye maabara kubwa imehitaji kuwafuatilia watu wengi kiasi hicho, anayeahidi jambo hilohilo kwa tone moja la damu ndani ya dakika tano anapaswa kuonesha ushahidi wake.

Kwa nini "sahihi kwa asilimia 95" haitoshi?

Matangazo mengi hutaja asilimia. Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 1,000 wasio na dalili wamejipanga kupimwa, na kati yao 5 wana saratani. Kifaa kinawatambua 95 katika kila wagonjwa 100, na kinawaachia 95 katika kila wazima 100. Wagonjwa 5 watatambuliwa karibu wote. Lakini katika wazima 995, takribani 50 watahesabiwa wagonjwa kimakosa. Walioambiwa kwamba wana saratani watakuwa kama 55, nao wagonjwa wa kweli ni 5 tu: mmoja katika kila 11. Wale 50 watauza mbuzi au ng'ombe kugharamia safari na uchunguzi wa ugonjwa wasiokuwa nao. Ndiyo maana kipimo cha awali lazima kifuatwe na kipimo cha kuthibitisha.

Alama za hadaa

Hata wenye elimu na mali huhadaika. Kampuni ya Theranos ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilidai kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Mwaka 2016 ilibatilisha majibu ya miaka miwili yaliyotokana na mashine zake. Januari 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, na baadaye akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Walioamini majibu yale walikuwa na mawakili na magazeti. Mteja wa hema la gulioni ana maswali yake tu, na kwa hiyo ayaulize.

Jihadhari ukiona mambo haya:

– Kifaa kinadaiwa kupima mwili mzima bila kuchukua damu, mkojo wala sampuli yoyote.
– Jibu linatolewa bila jina la kitu kilichopimwa.
– Anayepima ndiye anayeuza dawa au virutubisho vya kutibu alichokigundua papo hapo.
– Unakatazwa kupima tena kwingine, au unaharakishwa kulipa.

Maswali matano ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Kifaa hiki kinatafuta kitu gani hasa, na katika majimaji gani ya mwili?
2. Je, kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
3. Je, maabara hii imesajiliwa, na cheti chake kiko wapi?
4. Jibu likionesha tatizo, kipimo cha kuthibitisha kinafanyika wapi?
5. Je, nitapewa jibu la maandishi lenye jina langu, tarehe, jina la kipimo na saini, pamoja na stakabadhi?

Mtoa huduma mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukihadaiwa, tunza stakabadhi na karatasi ya majibu, kisha toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya, TMDA au Tume ya Ushindani.

Ukiwa na dalili, usianzie gulioni. Anzia zahanati au kituo cha afya, ukiomba rufaa ikihitajika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ina huduma za uchunguzi na matibabu ya saratani, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam. Damu katika mkojo, damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, uvimbe unaokua, kidonda kisichopona na kukonda bila sababu ni dalili zinazotosha kukupeleka huko, hata kama kifaa kidogo kimekwisha kukuambia kwamba u mzima.